Umoja wa Wakristo katika Ukambani: Kutoka Mipaka ya Misheni hadi Lugha ya Pamoja

UTANGULIZI

Historia ya Ukristo katika Ukambani imezoeleka kuandikwa kama historia ya madhehebu. Kila kanisa limetunza kumbukumbu za waanzilishi wake, stesheni zake za kwanza na shule zake, na kila kanisa limejitazama kama mto uliotoka katika chemchemi yake lenyewe. Utaratibu huo una faida, kwani bila ya kumbukumbu hizo mengi yangalikwisha kupotea. Hata hivyo unaficha jambo moja ambalo waumini wa kawaida wa Kitui, Mwingi na Makueni wameishi nalo kwa zaidi ya miaka mia moja: kwamba watu wa utui mmoja, wanaotumia kisima kimoja na kuzikana wao kwa wao, wamefundishwa kumwomba Mungu mmoja katika nyumba mbalimbali, na mara nyingi kwa sababu ambazo hazikutoka kwao.

Makala haya yanachunguza thamani ya umoja wa Wakristo kwa kuitazama historia hiyo. Hoja yake ni kwamba umoja ulijaribiwa kwa njia tatu. Ya kwanza ilikuwa ni njia ya mipaka, ambapo wamisionari waligawana nchi ili wasigombane. Ya pili ilikuwa ni njia ya vyombo, yaani mabaraza na miungano iliyopangwa mezani. Ya tatu ilikuwa ni njia ya lugha na kazi, ambayo haikupigiwa baragumu. Itaonekana kwamba njia ya kwanza iliwatenga watu kwa jina la kuwapatanisha, ya pili ilifika mbali lakini ikakwama mara kwa mara, na ya tatu ndiyo iliyotia mizizi.

Yafaa kwanza kuyatofautisha maneno yenyewe. Kiswahili kina umoja, muungano na ushirika. Umoja, unaotokana na -moja, unasisitiza idadi: vilivyokuwa vingi sasa ni kimoja. Muungano, kutoka kitenzi kuunga, unadokeza vitu viwili vilivyoshikizwa, na mahali pa kuungia panaweza kuonekana bado. Ushirika ni kugawana fungu moja. Neno hili lina historia ya ajabu, kwani shina lake la Kiarabu ndilo lililozaa ushirikina, ambao Mwislamu huutaja kwa karaha. Lakini Wakristo walilichagua kulitaja tendo lao takatifu kuliko yote, na baadaye wakulima wakalitumia kwa vyama vyao vya kuuzia kahawa na pamba. Kikamba nacho kina neno ngwatanio, lenye asili ya kitenzi cha kushika, yaani hali ya watu walioshikana. Maneno haya hayalingani sawasawa, na sehemu kubwa ya migogoro itakayoelezwa hapa ilitokana na watu waliotaka jambo moja huku wengine wakitaka jingine.

MWANZO USIO NA UKUTA

Mhubiri wa kwanza wa Kikristo kufika Kitui alikuwa Johann Ludwig Krapf, mwaka 1849. Alipokewa na Kivui, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba ambaye misafara yake ya pembe za ndovu ilifika pwani, na tarehe 3 Desemba mwaka huo, akiwa Kitui, Krapf aliuona Mlima Kenya. Alirudi Ukambani mwaka 1851 akiwa na nia ya kuweka kituo. Katika safari ya kuelekea Mto Tana, ambao ndio mpaka wa kaskazini wa nchi ya Mwingi, msafara ulishambuliwa, Kivui akauawa, na Krapf akanusurika kwa taabu kubwa. Kituo hakikuanzishwa.

Jambo moja kuhusu Krapf halisisitizwi ipasavyo. Alikuwa Mjerumani wa Württemberg, aliyelelewa katika Ulutheri, lakini aliajiriwa na Church Missionary Society, chama cha Waanglikana wa Uingereza. Katika kizazi chake jambo hilo halikuonekana kuwa la ajabu. Kwa hiyo neno la kwanza la Injili kusikika Kitui lilisemwa na Mlutheri aliyetumwa na Waanglikana. Na kazi yake iliyodumu haikuwa jengo bali lugha. Mwaka 1850 huko Tübingen ilichapishwa Injili ya Marko katika Kikamba, na mwaka huohuo yakachapishwa msamiati wake wa lugha sita za Afrika Mashariki, Kikamba kikiwamo, pamoja na sarufi yake ya Kiswahili. Tangu mwanzo, basi, Kikamba na Kiswahili viliwekwa katika meza moja.

UMOJA WA MIPAKA

Miaka arubaini ilipita kabla ya misheni kurudi kwa kukaa. Walutheri wa Kijerumani, ambao kazi yao ilichukuliwa na Misheni ya Leipzig, walifungua stesheni ya Ikutha kusini mwa Kitui katika miaka ya mwanzo ya 1890, na baadaye Mulango karibu na mji wa Kitui. Upande wa magharibi, Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission (AIM) walifika Mombasa mwezi Oktoba 1895 na kuweka stesheni yao ya kwanza Nzaui, katika Makueni ya leo. Scott alifariki mwezi Desemba 1896. Muda mfupi baadaye nchi iliingia katika njaa kuu ya miaka ya 1898 hadi 1900, ambayo Wakamba waliiita Ngomanisye, kwa kuwa iliwakumba watu wote bila ya kubagua. Wamisionari wa pande zote mbili walijikuta wakigawa chakula kabla ya kugawa vitabu.

Katika hali kama hiyo ushindani ulikuwa ni anasa. Vyama vya Kiprotestanti vilikubaliana kugawana maeneo, kila chama kikiacha la mwenzake. Hapana shaka kwamba mapatano hayo yalikuwa na hekima yake. Watumishi walikuwa wachache, fedha zilikuwa chache, na hapakuwa na heshima yoyote katika kuwagombea wasikilizaji walewale. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba dhehebu la mtu liliamuliwa na kilima alichozaliwa. Mtu wa Nzaui alikuwa wa AIM. Mtu wa Ikutha alikuwa Mlutheri. Aliyevuka Tana kwenda Meru aliwakuta Wamethodisti. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amepima mafundisho ya mwingine na kuyakataa. Wakatoliki, kwa upande wao, hawakuwa sehemu ya mapatano hayo, na walipoingia Kitui waliingia katika nchi iliyokwisha kugawanywa bila ya wao. Jimbo la Kitui lilianzishwa kama eneo la kimisionari mwaka 1956 na kupandishwa kuwa dayosisi kamili mwaka 1963, chini ya uangalizi wa mapadre wa Kiltegan kutoka Ireland.

Udhaifu wa umoja wa mipaka ulidhihirika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wamisionari wa Leipzig walikuwa raia wa adui katika himaya ya Kiingereza, nao waliondolewa. Mulango ikachukuliwa na AIM. Waumini wa hapo, waliobatizwa kwa taratibu za Kilutheri, waliamka wakiwa chini ya chama kilichotofautiana na kile cha kwanza kwa ibada, kwa mtazamo wa ubatizo na kwa utawala wa kanisa. Hawakuwa wamehama, ni mpaka uliohama juu ya vichwa vyao. Wala sababu yake haikuwa hoja ya imani, bali vita kati ya Berlin na London. Huenda hakuna mfano ulio wazi kuliko huu katika Ukambani wa kuonyesha kwamba migawanyiko mingi ya Wakristo wa Kiafrika ilikuwa ya kurithishwa.

KIKUYU 1913 NA NJIA YA VYOMBO

Mwaka mmoja kabla ya vita hivyo, mwezi Juni 1913, wajumbe wa vyama vya Kiprotestanti walikutana Thogoto, katika misheni ya Waskoti huko Kikuyu. AIM, iliyoshika sehemu kubwa ya Ukambani, ilikuwamo. Mpango uliojadiliwa ulikuwa wa kuunda shirikisho: kutambuana, kufundisha watumishi kwa viwango vinavyofanana, na hatimaye kulielekea kanisa moja la Kiafrika. Mwishoni mwa mkutano Askofu Peel wa Mombasa aliongoza Meza ya Bwana katika kanisa la Waskoti, na wajumbe wasio Waanglikana wakashiriki.

Tendo hilo moja lilizua mtikisiko uliofika Canterbury. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, aliwashitaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa uzushi. Si haki kumwona Weston kama mtu wa chuki tu. Aliona kwamba umoja usiokuwa na msingi wa mafundisho na wa uaskofu ni maneno matupu, na mwaka 1918 alihudhuria mkutano wa pili wa Kikuyu akiwa na mapendekezo yake mwenyewe. Shirikisho kamili halikupatikana. Kilichopatikana ni Muungano wa Misheni, uliokuwa mdogo kuliko ndoto ya 1913. Muungano huo ndio uliozaa Alliance High School mwaka 1926, na jina la shule hiyo limebaki kuwa ukumbusho wa mkutano ulioshindwa kufika ulikokusudia.

Mabaraza yalifuata. Baraza la Wakristo la Kenya liliundwa mwaka 1943 na baadaye kuwa Baraza la Kitaifa, yaani NCCK. Mwaka 1955 chuo cha Limuru kilikuwa Chuo cha Muungano cha Theolojia cha Mtakatifu Paulo, ambako Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti walisoma pamoja. Katika miaka ya 1960 makanisa ya Kianglikana, Kilutheri, Kimethodisti, Kimoravian na Kipresbiteri ya Afrika Mashariki yalizungumza juu ya kuungana kabisa, lakini mazungumzo yalikwama. Mwaka 1975 Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilifanya mkutano wake mkuu Nairobi, chini ya kauli iliyotangaza kwamba Yesu Kristo huwaweka watu huru na huwaunganisha. Miaka kumi hivi baadaye, katika mjadala mkali wa kupiga kura kwa mlolongo, Africa Inland Church ilijitoa katika NCCK. Safari hii hoja haikuwa ubatizo wala uaskofu, bali ni kiasi gani kanisa laweza kuikemea serikali. Kwa Ukambani, ambako kanisa hilo lina waumini wengi kuliko mengi, pengo hilo halikuwa dogo.

Pamoja na vyombo vilivyoundwa na wamisionari, yafaa kukitaja kimoja kilichoundwa na Wakamba wenyewe. Mwaka 1945 lilianzishwa Africa Brotherhood Church, likiongozwa kwanza na Simeon Mulandi na baadaye, kwa miaka mingi, na Nathan Ngala, makao yake makuu yakiwa Mitaboni, Machakos. Kwa nje huu ulionekana kuwa mgawanyiko mwingine: watu waliochoshwa na uhaba wa elimu na uhaba wa nafasi za uongozi katika misheni wakaondoka. Lakini jina walilojipa ni la udugu. Kanisa hilo halikujifungia, bali lilijiunga na NCCK na kushirikiana na makanisa ya nje ya nchi. Hapa pana funzo la kihistoria. Waliojitenga walitafuta usawa, na bila ya usawa umoja huwa ni jina la utii. Wakishaupata usawa waliurudia umoja kwa miguu yao wenyewe.

BIBLIA MBILI ZA KISWAHILI

Wasomi wa lugha watapendezwa kuona kwamba ugomvi wa 1913 ulikuwa umekwisha kuandikwa katika Kiswahili kabla ya kulipuka. Weston alikuwa wa Universities' Mission to Central Africa, iliyoshika Zanzibar, na ambayo kwa juhudi za Edward Steere na waliomfuata ilikuwa imetoa Biblia nzima ya Kiunguja mwaka 1891. Peel alikuwa wa upande wa Church Missionary Society, iliyoshika Mombasa, na ambayo Biblia yake ya Kimvita ilikamilika mwaka 1914. Vyama vyote viwili vilikuwa vya Waanglikana. Palipokuwa na nti katika kitabu kimoja palikuwa na nchi katika kingine; aliyeitwa ndoo Mombasa aliitwa njoo Unguja. Mwalimu wa dini aliyetoka bara kwenda pwani aliweza kujua kwa sikio tu ni misheni ipi iliyomfundisha mwenzake. Lahaja zilikuwapo karne nyingi kabla ya misheni, na hapakuwa na kosa katika kuwapo kwake. Kosa lilikuwa ni kuzifanya bendera.

Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya makoloni ya Afrika Mashariki. Karl Roehl alitoa Agano Jipya mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937, akipunguza maneno yenye asili ya Kiarabu, jambo lililowaridhisha wengine na kuwaudhi wengine. Hatimaye ilitolewa Biblia inayojulikana mpaka leo kwa jina la Union Version, Agano Jipya mwaka 1950 na Biblia yote mwaka 1952. Watu wa Zanzibar na watu wa Mombasa walikaa pamoja na kukubaliana neno kwa neno. Kila upande ulipoteza baadhi ya maneno uliyoyapenda. Lakini mtoto aliyezaliwa baada ya hapo hakujua kwamba aya aliyoikariri iliwahi kusomwa kwa namna mbili. Walichoshindwa maaskofu kwa barua walikiweza watafsiri kwa kalamu.

Katika Kikamba mwendo ulikuwa ni huohuo kwa kiwango kidogo zaidi. Walutheri wa Kitui na AIM wa magharibi kila mmoja alikuwa ameanza kuandika kwa taratibu zake. Agano Jipya la Kikamba lilitoka mwaka 1920 na Biblia nzima mwaka 1956, na zikawa kitabu kimoja kwa watu wa Kitui, Mwingi, Makueni na Machakos. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) Wakatoliki nao waliingia katika kazi ya kutafsiri pamoja na wengine, na Biblia ya Habari Njema katika Kiswahili ni tunda la ushirikiano huo. Tofauti za msamiati bado zipo: huyu husema misa na padre, yule ibada na mchungaji, huyu husema ekaristi, yule Meza ya Bwana. Lakini tofauti hizo sasa ni za ndani ya lugha moja.

MWETHYA NA NJAA

Mwingi ni nchi kavu. Mvua zake mbili zinaweza kukosekana zote, na kumbukumbu ya watu huhesabiwa kwa majina ya njaa. Ile ya 1984 iliitwa Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nimeshika fedha mkononi, kwa kuwa hata mwenye pesa hakupata cha kununua. Katika nchi ya namna hiyo umoja si pambo. Mwethya, kikundi cha majirani wanaosaidiana kulima, kujenga na kuchimba, ulikuwapo kabla ya kanisa lolote. Unaitwa kwa utui, hauitwi kwa dhehebu, kwani matuta ya kuzuia mmomonyoko hayawezi kuishia penye mpaka wa parokia. Katika miongo ya karibuni vikundi vya aina hiyo vimejenga mabwawa ya mchanga katika mito ya msimu ya Kitui na Makueni, ambapo mchanga unaokusanyika nyuma ya ukuta huhifadhi maji chini yake hadi kiangazi. Ukuta wa bwawa kama hilo hubebwa jiwe kwa jiwe na Mkatoliki, mtu wa AIC na mtu wa Brotherhood, na maji yakipatikana hayaulizi jina.

Wakamba husema kyaa kimwe kiyuaa ndaa, yaani kidole kimoja hakiui chawa. Methali hii haisemi kwamba vidole viwe kimoja. Inasema kwamba vikutane kwenye kazi. Kwa hiyo ngwatanio ya mwethya iko karibu zaidi na ushirika kuliko na umoja wa idadi, na pengine hapo ndipo ilipo siri ya kudumu kwake.

Lakini si haki kuisifu kupita kiasi. Mwethya humshirikisha mtu katika jasho bila ya kumshirikisha katika Meza. Majirani waliochimba pamoja Jumamosi bado hutengana Jumapili, na familia ambamo mume na mke wametoka katika madhehebu mbalimbali inajua uzito wa jambo hilo pale mtoto anapotakiwa kubatizwa au marehemu anapotakiwa kuzikwa. Weston angalisema kwamba hilo ndilo swali lenyewe, na angalikuwa na haki.

MTOTO WA MULANGO

Mwaka 1931 alizaliwa Mulango, kwenye stesheni ileile iliyobadilishwa mikono wakati wa vita, John Samuel Mbiti. Alisoma Alliance, shule iliyozaliwa na muungano uliopungua, akasoma Makerere, Marekani na Cambridge, akawa kasisi wa Kianglikana, akafundisha Makerere, kisha kuanzia 1974 hadi 1980 akaongoza Taasisi ya Kiekumene ya Bossey karibu na Geneva, chini ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Baadaye alihudumu kama mchungaji wa usharika wa Kireformati mjini Burgdorf, Uswisi. Mlutheri aliyewatumikia Waanglikana ndiye aliyeileta Injili Kitui. Mwanglikana wa Kitui ndiye aliyewatumikia Wareformati wa Ulaya. Duara la zaidi ya miaka mia moja linakutana hapo.

Lakini alama ya ndani zaidi ni mwanzo na mwisho wa kazi yake ya kalamu. Kitabu chake cha mwanzo, Mutunga na Ngewa Yake, kilikuwa cha Kikamba, na mwaka 2014, akiwa na zaidi ya miaka themanini, ilichapishwa tafsiri yake ya Agano Jipya katika Kikamba kutoka katika Kigiriki. Aliyewahi kuongoza mojawapo ya vyombo vikubwa vya umoja duniani aliirudia njia ya lugha. Alifariki mwaka 2019.

HITIMISHO

Historia hii haithibitishi kwamba mabaraza ni bure. Bila ya Thogoto pasingalikuwapo Alliance, na bila ya vyama vya Biblia pasingalikuwapo meza ya watafsiri. Inaonyesha, hata hivyo, kwamba umoja unaotangulia kuchora mipaka huwaachia watoto ukuta ambao hawakuujenga, na kwamba umoja usiokuwa na usawa huzaa kuondoka. Inaonyesha pia kwamba watu waliolazimika kukubaliana juu ya neno, au juu ya jiwe la bwawa, hufika mahali ambapo waliokubaliana juu ya kanuni tu hawakufika.

Swali la Meza moja, lililowagawa maaskofu mwaka 1913, bado halijajibiwa katika Kitui wala Mwingi. Linalojulikana ni kwamba wanaoliuliza leo wanaliuliza kwa lugha moja, na wanaelewana.